Makala iliyorejelewa mara 9: kisa cha kupima athari ya mhandisi wa antena safu, Dodoma

Faili liko mezani kwa kamati ya kupandisha vyeo ya chuo kimoja jijini Dodoma. Mwombaji ni mhandisi wa mawasiliano, mhadhiri mwandamizi, na fani yake ni antena safu: antena ndogo nyingi zilizopangwa mstari, ambazo mwale wake huelekezwa kwa kubadili awamu ya kila moja (mafundi wengi husema fezi) bila kuzungusha chuma chochote. Mhandisi na faili lake ni wa mfano, wameundwa ili hesabu ifuatike mwanzo hadi mwisho. Fizikia, tabia ya vifaa na baridi ya Dodoma si vya kuundwa. Mwenye kipima joto na redio ataviona mwenyewe.

Faili lina makala 12, barua tatu zenye mhuri, na ukurasa mmoja wenye kichwa "Athari za Utafiti" ambao ni wazi uliandikwa usiku wa mwisho. Kamati inatakiwa ijibu jambo moja: kazi ya mtu huyu imebadili nini nje ya orodha yake ya machapisho?

Tuanze na orodha hiyo, kwa kuwa ndiko kila kamati huanzia. Makala zikipangwa kwa idadi ya kurejelewa zinatoa 61, 38, 22, 17, 12, 9, 8, 6, 4, 3, 1 na 0. Jumla ni 181. Kipimo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, kinakuwa 7: makala saba zina marejeleo saba au zaidi kila moja, ya nane ina sita. Sasa ondoa marejeleo 43 ambayo mwombaji na waandishi wenzake wamejirejelea wenyewe. Orodha inakuwa 55, 31, 15, 12, 8, 5, 5, 4, 2, 1, 0 na 0. Jumla 138, na h inashuka hadi 5. Kazi haijabadilika hata nukta, ila kipimo kimeporomoka kwa karibu theluthi. Ndiyo maana Azimio la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu kutathmini utafiti linasisitiza kusoma kazi yenyewe badala ya kutegemea namba za majarida.

Kamati ikisoma kazi yenyewe inakuta hivi. Makala yenye marejeleo 61 ni ya mapitio: waandishi saba, mwombaji ni wa tano, inaeleza walichofanya wengine. Makala za mapitio hurejelewa sana kwa sababu zinamwokolea msomaji muda, na hilo ni jema, lakini halisemi mengi kuhusu mtu wa tano. Yenye marejeleo 38 ni muundo wa antena ya gigahezi 28 uliofanyiwa majaribio kwenye kompyuta tu. Hakuna kilichochongwa wala kupimwa. Katikati ya orodha, ile ya sita, yenye marejeleo 9 (matano tu ya watu wengine), inahusu kalibresheni (kupima na kusahihisha awamu za antena) ya safu ndogo inayokaa juu ya paa mahali ambapo joto la usiku na mchana linatofautiana sana. Hapo ndipo kamati inapaswa kuvuta kiti na kukaa.

Kilichotokea juu ya paa

Chuo kilifunga safu ya elementi nane (yaani antena ndogo nane) kwenye gigahezi 5.8 ili kituo kimoja kihudumie sehemu tatu kwa zamu: shule ya sekondari iliyo digrii 32 kushoto, zahanati digrii 5 kulia, na ofisi ya kata digrii 41 kulia. Urefu wa wimbi kwenye masafa hayo ni milimita 51.7, hivyo elementi zilitenganishwa kwa nusu yake, milimita 25.9, na safu nzima ina upana wa sentimita 21 hivi. Kuelekeza mwale zahanati kunahitaji tofauti ya awamu ya digrii 15.7 kati ya elementi na jirani yake. Ofisi ya kata inataka digrii 118. Mwale ukiwa katikati una upana wa karibu digrii 13, ukienda pembeni hadi 41 unatanuka kufika kama 17. Wazo lenyewe ni la kale: Karl Ferdinand Braun alielekeza mawimbi kwa antena tatu mwaka 1905. Kilichokuja baadaye ni urahisi wa kufanya hivyo kwa chipu.

Vigeuza-awamu vilikuwa vya biti 6, yaani hatua ya digrii 5.6. Hii si anasa. Kuna mnara wa mtoa huduma mwingine unaotumia masafa yaleyale, nao uko karibu digrii 20 kulia. Mwale ukilenga zahanati, pengo la kwanza la safu (upande ambao mawimbi ya elementi nane yanafutana) linaangukia digrii 19.7. Yaani mnara uko ndani ya pengo. Kwa biti 4 makosa ya kukadiria awamu peke yake yangeinua sakafu ya pengo hadi karibu desibeli 28 chini ya kilele cha mwale (kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu). Kwa biti 6 sakafu inakuwa karibu 40.

Zahanati iko kilomita 3. Mawimbi yake yanafika kwa nguvu ya −66 dBm (desibeli zikihesabiwa kutoka miliwati moja). Mnara wa jirani, kama usingefutwa, ungefika kwa −60, mkubwa kuliko zahanati. Pengo la desibeli 40 linaushusha hadi −100, chini ya kelele ya kawaida ya redio, na zahanati inapata nafasi ya desibeli 30 juu ya kelele. Hapo redio inafanya kazi kwa 64-QAM, namna ya kupakia biti nyingi kwa kila alama, bila shida.

Malalamiko yalianza Juni. Kila asubuhi, kuanzia kama saa 2 hadi saa 4, zahanati ilikuwa inapakia taarifa polepole, saa zilezile ambazo benchi limejaa wagonjwa na karani anaingiza majina kwenye mfumo. Saa 5 mambo yanatulia. Shule na kata hazikulalamika. Usiku hakuna tatizo. Januari hakukuwa na tatizo.

Mafundi walifanya walichotakiwa kufanya, na kila hatua ilikuwa na mantiki yake. Walifuta vumbi. Walipima umeme. Walikaza nguzo kwa sababu ya upepo, na Dodoma upepo ni mtuhumiwa wa kudumu. Walipima nguvu ya mawimbi ya zahanati saa 3 asubuhi wakakuta −66, ileile. Hapa ndipo wengi hupotea: mwale uko sawa, nguvu iko sawa, basi antena haina kosa, tatizo ni la mtandao wa zahanati. Kumbe antena ndiyo yenye kosa.

Nyuzijoto 19

Kutoka kwenye sanduku la kuunda mwale hadi kwenye elementi kulikuwa na kebo nane za koaksia, mita 2 kila moja, za aina ya RG-142, ambazo ndani zina PTFE, plastiki ileile ya vikaango visivyogandisha. PTFE hubadili mpangilio wa chembe zake karibu na nyuzijoto 19. Ikivuka hapo, ujazo na tabia yake ya umeme hubadilika kwa ghafla kuliko kawaida, na urefu wa kebo kama wimbi linavyouona hubadilika nao. Watengenezaji wa kebo wamelijua jambo hili kwa miongo mingi. Kwenye michoro yao linaonekana kama goti.

Kwenye maabara yenye kiyoyozi, nyuzijoto 23 mwaka mzima, goti hilo halimhusu mtu. Pwani, miezi mingi ya mwaka, usiku hauliteremkii. Dodoma, ikiwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai hushuka hadi 14 au 15 na mchana hupanda kupita 25. Kebo iliyo juu ya paa huvuka 19 mara mbili kila siku: inapopashwa asubuhi na inapopoa jioni.

Hilo peke yake halitoshi kuharibu kitu. Kebo zote nane zikivuka pamoja, awamu zinasogea pamoja na mwale hauoni tofauti. Lakini aliyefunga alipitisha kebo nne upande wa mashariki, juu ya bati, na nne upande wa magharibi, chini ya upenu. Jua la Julai huchomoza kabla kidogo ya saa 1 asubuhi. Kufika saa 2 kebo za mashariki zimeshavuka. Za magharibi zinavuka karibu saa 4. Kwa saa mbili hizo nusu ya safu iko upande mmoja wa goti na nusu upande mwingine. Jioni mambo ni tofauti, kwa sababu jua likishazama pande zote mbili zinapoa gizani kwa mwendo unaokaribiana.

Hesabu inafuatika hivi. Ndani ya kebo hii wimbi husafiri kwa takriban asilimia 70 ya kasi ya mwanga, hivyo wimbi moja lina milimita 36. Mita 2 ni mawimbi 55, karibu digrii 19,900 za awamu. Chukua badiliko la sehemu 500 kwa milioni kwa ajili ya hesabu (kila kebo ina mchoro wake, usome): digrii 10. Nusu moja ya safu imetanguliwa na nyingine kwa digrii 10.

Kuelekea kwenye mwale, kosa hilo ni kama halipo. Mwale unahama kwa digrii 0.6 tu, na upana wake ni 13. Ndiyo maana fundi alikuta −66 ileile. Kwenye pengo la kwanza hadithi ni nyingine: linajaa hadi desibeli 25 chini ya kilele. Mnara wa jirani unaingia kwa −85 badala ya −100, na nafasi ya zahanati inashuka kutoka 30 hadi 19. Redio inarudi 16-QAM, yenye biti chache kwa kila alama, na kasi inabaki kama asilimia 60 ya awali. Haikatiki, inakuwa nzito tu, na mtandao mzito ni mgumu kuutafutia ugonjwa kuliko uliokatika. Shule na kata hazikuathirika kwa sababu mwale ukielekezwa kwao mnara hauangukii kwenye pengo la kwanza.

Namna ilivyothibitishwa

Sehemu hii ndiyo makala ya marejeleo 9 yenyewe, na ni nzuri kwa sababu inaweza kurudiwa na mtu asiye na mashine ya mamilioni. Mhandisi alitumia njia ya kuzungusha awamu ya elementi moja baada ya nyingine, iliyotolewa na Seiji Mano na Takashi Katagi mwaka 1982. Elementi saba zinaachwa zilivyo. Ya nane inazungushwa digrii 360 na nguvu ya jumla inarekodiwa. Nguvu hupanda na kushuka kama wimbi. Mahali kilele kilipo panakupa awamu ya elementi hiyo, na tofauti ya kilele na bonde inakupa ukubwa wake. Kinachopimwa ni nguvu tu, awamu haipimwi moja kwa moja, hivyo hakuna haja ya kebo ya rejea ambayo nayo ingekuwa inavuka goti lake.

Chanzo cha mawimbi kiliwekwa mita 12 kutoka kwenye safu. Kwa safu ya sentimita 21, umbali wa chini ili mawimbi yaifikie yakiwa yamenyooka ni mita 1.7, hivyo 12 inatosha na ziada. Hatua 16 kati ya 64 zinatosha kwa kila elementi. Elementi nane ni vipimo 128. Kila kimoja kikichukua nusu sekunde, zoezi linakwisha kwa dakika moja na ushee. Kasi hiyo ni muhimu, kwani ukichukua nusu saa jua litakuwa limebadili kile unachokipima. Vipima joto viwili vilifungwa kwenye kebo, kimoja mashariki, kimoja magharibi, na zoezi likarudiwa kila nusu saa kuanzia kabla ya mapambazuko hadi mchana.

Yapo mambo yanayoharibu kipimo hiki. Bati linaakisi, kwa hiyo namba ya awamu iliyopatikana saa 12 asubuhi si ya kuaminiwa peke yake. Kinachoaminika ni tofauti kati ya saa 12 na saa 3. Konekta za SMA (viungio vya skrubu kwenye ncha za kebo) zikifunguliwa na kufungwa tena hubadili awamu kwa digrii kadhaa zisipokazwa sawasawa, kwa hiyo spana ya kipimo inahitajika: Nm 0.56 kwa zile za shaba nyeupe, basi. Na ukitaka kujua kama kosa ni la kebo au la jua, badilishana njia: kebo za mashariki zipite magharibi. Kosa lilibaki mashariki. Kebo zilikuwa nzima, njia yake ndiyo iliyokuwa mbovu.

Tiba ilikuwa bomba moja la PVC la inchi 2, limepakwa rangi nyeupe, limepita upande wenye kivuli, na kebo zote nane ndani yake. Ncha zinazibwa kwa sponji, maana nyuki hawachelewi kuhamia. Kuhusu urefu, mafundi huhangaika bure na milimita: kebo zikitofautiana sentimita 10, joto linaongeza kosa la nusu digrii tu, tofauti yenyewe huondolewa na kalibresheni mara moja. Kinachotakiwa ni kebo zote kuona joto moja. Anayenunua upya achukue kebo yenye povu la polithilini ndani, haina goti la 19. Wengi bado hununua PTFE kwa kuwa haiyeyuki wakati wa kuchomelea konekta na hupatikana ikiwa tayari imekatwa.

Sasa, athari iko wapi?

Kwenye ukurasa wa "Athari" mwombaji ameandika kwamba aligundua athari ya joto kwenye kebo, na kwamba utafiti wake umeboresha huduma za afya kwa wananchi wa kata nzima. Sentensi zote mbili zinafaa kukatwa, na inasikitisha, kwa sababu alichokifanya kweli kinajitosheleza.

Hakugundua goti la PTFE. Alichofanya ni kulihusisha na mahali na saa, kisha akaonyesha kwamba linajaza pengo huku likiuacha mwale salama, jambo linaloeleza kwa nini kila aliyepima alipima kitu kisicho na kosa. Huo ni mchango halali. Kuhusu huduma za afya, zahanati inahudumiwa na muuguzi, dawa, barabara na umeme. Antena imerudisha kasi ya kupakia taarifa kwa saa mbili za asubuhi katika miezi ya baridi. Kamati ikubali hilo na isikubali zaidi ya hilo.

Barua tatu zisomwe moja moja. Ya zahanati inashukuru kwa "mchango mkubwa". Mhuri wa zambarau unathibitisha kwamba barua ilipita mezani. Kuhusu antena hausemi chochote. Kinachotakiwa ni kumbukumbu za redio za asubuhi kabla ya bomba na baada ya bomba, msimu kwa msimu: Juni ilinganishwe na Juni. Mtu akilinganisha Julai na Januari atapata uboreshaji mzuri sana ambao ni wa majira tu. Barua ya chuo cha nje inasema makala "inasomwa na wanafunzi wetu". Nzuri, lakini haina cha kukagua.

Barua ya tatu ni fupi kuliko zote na imeandikwa na kampuni ndogo ya kufunga mitambo. Inasema kwamba tangu wapate karatasi ya ukurasa mmoja ya Kiswahili iliyotoka maabara ya mhandisi, wanapitisha kebo zote za safu ndani ya bomba moja, na wameambatisha fomu yao ya ukaguzi ya zamani na ya sasa. Ya sasa ina mstari mpya: "Kebo zote njia moja, kivulini: ndiyo / hapana". Mtu amebadili anavyofanya kazi, tarehe ya badiliko inajulikana, na chanzo cha badiliko kimetajwa. Mstari huo mmoja una uzito kuliko marejeleo 61, na haungeonekana kwenye hazina yoyote ya machapisho. Karatasi ya Kiswahili haikuhesabiwa hata alama moja kwa kuwa si makala ya jarida. Inafaa kukumbuka kwamba ile njia ya Mano na Katagi ilichapishwa kwanza kwa Kijapani, kwa wahandisi wa kwao.

Wajumbe wawili walitaka mwombaji alinganishwe na majina makubwa ya fani. Ulinganisho huo haufai. Mtu kama Gabriel Rebeiz wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ambaye kundi lake lilisukuma sana uundaji wa mwale kuingia kwenye chipu za silikoni, ameacha alama kwenye vifaa vyenyewe. Huhitaji barua kuiona. Mhandisi wa Dodoma anatumia matunda ya kazi ya namna hiyo na kuyafanya yastahimili paa la Dodoma. Ni kazi ya ngazi nyingine, na ipimwe kwa ngazi yake.

Kamati ilirudisha ukurasa wa "Athari" ukaandikwe upya kwa masharti matatu: kumbukumbu za redio za misimu miwili ya baridi, moja kabla na moja baada ya bomba, fomu mbili za kampuni zikiwa na tarehe, na jina la fundi sanifu aliyefunga vipima joto liongezwe kwenye maelezo ya nani alifanya nini, maana halikuwemo. Makala yenye marejeleo 38 iliachwa kwenye orodha bila kuhesabiwa kama athari. Msimu wa pili wa baridi ulikuwa haujafika, hivyo uamuzi ukaahirishwa hadi Septemba.